Miaka ya Nyongeza ya Dorah Nyasuguta

Dorah Nyasuguta alipangiwa kufa mwezi wa tisa mwaka wa 2003. Nasema alipangiwa kwa sababu mpangaji nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepelekwa mafunzo ya wiki mbili Homa Bay, nikarudi na mkoba wa turubai na kadi yenye picha yangu, na kazi yangu ikawa kuzunguka nyumba za kwetu Sori, kando ya ziwa, nikiwafundisha wagonjwa kufa vizuri. Hatukuiita hivyo. Tuliita kuwatayarisha watoto. Lakini mimi napenda kuita kitu kwa jina lake, na uzee umenizidishia ugonjwa huo.

Watu waliniita Mwalimu, na wananiita hivyo hadi leo, ingawa chuo cha ualimu nilikiona kutoka upande wa geti tu. Nilijua kuandika vizuri, basi. Na miaka ile mtu anayejua kuandika vizuri hakukosa kazi, kwa sababu wanaokufa wana mengi ya kusema na mikono yao hutetemeka. Kila baada ya nyumba mbili kulikuwa na matanga. Fundi aliyekuwa akitengeneza vitanda karibu na ufuo aliacha vitanda kabisa, akawa anatengeneza majeneza, na hata hivyo hakuwa akimaliza oda.

Dorah hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka juu huko Kisii na mumewe Mokua, Wasabato wote wawili, wakakodi chumba nyuma ya duka la Bashir Msomali. Walileta ndizi kutoka kwao wakauza Sori, wakarudisha omena, dagaa wa ziwa letu, wakauza kwao. Mokua alikufa 2001. Alipelekwa kuzikwa nyumbani, na siku ya tatu baada ya mazishi Dorah alikuta nyumba ya mumewe imetiwa kufuli jipya na mashemeji. Akarudi Sori na mtoto wake mgongoni, msichana wa miaka mitatu aitwaye Joyline, na biashara ikaendelea. Alikuwa na mdomo, huyu mwanamke. Ukibonyeza ndizi zake kuangalia kama zimeiva, alikuuliza kama na mumeo ulimbonyeza hivyo kabla ya kumchukua. Kuna watu walinunua ndizi ili tu watukanwe.

Nilipoitwa kwenda kumwona, mdomo ulikuwa umekwisha. Alikuwa amelala kwenye mkeka, amefunikwa shuka, na ungeweza kupita usijue kuna mtu chini yake. Hodan, mke wa Bashir, ndiye aliyekuwa akimletea uji asubuhi na jioni. Joyline alikuwa amefika miaka mitano. Alikaa mlangoni na fimbo, kazi yake kufukuza kuku wasimwage uji wa mama.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilimletea sanduku dogo la bati na daftari. Kwenye sanduku mgonjwa huweka vitu ambavyo mtoto atamkumbuka navyo, na kwenye daftari anaeleza habari zake na za ukoo. Dorah aliweka picha waliyopigwa na Mokua studio, mwiko wa mbao aliotoka nao kwao, na leso yake ya kwenda kanisani. Daftari niliandika mimi, yeye akisema. Alitaja jina la babake na la kijiji chao. Alieleza jinsi Joyline alivyozaliwa mvua ikinyesha, na kwamba alikataa maziwa ya ng'ombe tangu mwanzo. Ukurasa wa mwisho aliniambia niandike: "Ukisoma haya mimi sipo tena. Usinitafute. Mtii mama uliyepewa."

Mama aliyepewa aliitwa Yunuke. Yeye na mumewe Obare walikuwa watu wa kwao Dorah waliohamia Rongo, wana mashine ya kusaga unga na shamba la miwa, kanisani wanaheshimika, na hawakujaliwa mtoto. Walikuja siku ya Jumapili. Hapo ndipo Dorah alipotoa ombi lake, na hapo ndipo nilipokosea.

"Sitaki anione nikibebwa," alisema. "Aende leo. Mkae kidogo halafu mumwambie nimekufa. Hata kama bado napumua, mumwambie. Asikae huko akiuliza kila siku kama nimeamka."

Yunuke aliniangalia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na kadi. Kule Homa Bay tulikuwa tumefundishwa kwamba mtoto aambiwe ukweli na apelekwe mazishini, na karatasi yenye maneno hayo ilikuwa kwenye mkoba wangu. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeshaona watoto wengi mno wamesimama kando ya mikeka. Nikajisemea kwamba uongo wa wiki mbili hauna uzito, kwa sababu utageuka kuwa kweli wenyewe. Nikasema, "Sawa." Neno moja tu. Joyline aliondoka na sanduku lake mikononi, na ile fimbo ya kuku akaiacha mlangoni.

Baada ya siku kumi na nne Yunuke alimwambia mtoto kwamba mama yake amekufa na kwamba kanisa limemzika huko huko Sori.

Mwezi uliofuata tukasikia kwamba hospitali kubwa ya Homa Bay inawapa watu zile dawa za ukimwi ambazo mwanzoni zilikuwa za matajiri. Gari likaja Sori kuchukua waliozidiwa. Nilikuwa na orodha ya nafasi nane, na wagonjwa waliokubali kwenda walikuwa saba. Jina la Dorah nililiandika ili nafasi isikae bure. Ningependa kusema nilisali, au kuna kitu kiliniambia, lakini ilikuwa ni nafasi ya nane tu.

Wiki za kwanza dawa ilitaka kumuua kabla ya ugonjwa. Alitapika, miguu ikawaka moto, akanitukana mimi na hospitali yote. Kufika Krismasi aliomba ugali. Mwezi wa nne niliona mwanamke akija sokoni na beseni la ndizi kichwani, nikamtambua kwa mwendo, nikakaa chini pale pale vumbini. Nililia kwa furaha. Sitaki mtu asome habari hii akadhani sikufurahi.

"Mwalimu, wacha kulia, unanifukuzia wateja," aliniambia. Halafu akainama karibu na sikio langu. "Tunaenda lini kuchukua mtoto wangu?"

Tulienda Rongo wiki hiyo hiyo. Joyline alikuwa shule. Yunuke alitupokea nyuma ya nyumba karibu na mashine, akatuketisha juu ya magunia matupu, na kabla hatujasema lolote akapiga magoti. Sitamsema vibaya Yunuke, maana ameshatangulia na hawezi kujitetea. Alisema mtoto aliposikia mama amekufa alinyamaza miezi minne, hakutoa hata sauti ya kuomba maji. Ndio kwanza ameanza kusema, na juzi amemwita yeye mama bila kuambiwa na mtu.

"Ukimtokea sasa utamharibu akili," Yunuke alisema. "Dada yangu, wewe umepona. Uko na time. Mwache akue kidogo, amalize hata darasa la nane, tutamwambia sisi wote pamoja."

Dorah alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba ana wakati. Nililiona neno lile likimwingia. Mtu aliyekuwa akihesabiwa siku, ukimwambia kwamba miaka iko, anaweza kukupa chochote utakachomwomba. Akakubali. Akaacha mfuko wa omena aliokuwa amembebea mtoto, tukarudi Sori.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila mwezi Dorah alituma omena Rongo, safi, iliyoanikwa juu ya nyavu na si mchangani, na Yunuke alimwambia mtoto imetoka kwa mama mmoja wa Sori, rafiki wa kanisa. Joyline aliipenda. Yunuke alipiga simu kutuambia: amekula, ameongeza, ameuliza itakuja lini nyingine. Dorah alisimulia habari hiyo sokoni siku tatu mfululizo kwa watu ambao hawakuwa wameuliza. Sori nzima ilimwita Mama Joyline, na kila alipoitwa hivyo aligeuka upesi.

Darasa la nane lilipokwisha, Yunuke aliomba form four. Msichana alipokuwa form two Yunuke alituambia akicheka kwamba ameacha omena kabisa, hataki hata harufu yake, ameanza maringo ya bweni. Dorah naye akacheka. Akaendelea kutuma. Form four ilipokwisha Joyline alipata nafasi chuo kikuu pale pale Rongo, na Yunuke akasema asichanganywe na mitihani. Mimi nilimwambia Dorah aende tu, abishe hodi, na atakayekasirika akasirike. Nilimwambia si mara moja.

"Si wewe ndiye ulisema sawa?" alinijibu siku moja, na tangu hapo nilifunga mdomo wangu.

Yunuke alikufa mwaka wa 2021, presha. Hakubaki wa kumzuia Dorah isipokuwa Dorah mwenyewe, na yeye akawa mgumu kuliko Yunuke. Joyline alipoolewa na Sammy, kijana wa kwao anayefundisha sekondari, tulisimama nje ya geti la kanisa tumevaa vizuri kabisa, mimi nimebeba blanketi la zawadi. Dorah alisema tuingie wakati wa wimbo. Wimbo ukaisha. Akasema tuingie wakati wa chakula. Tulirudi Sori na blanketi letu, na njiani akasema, "Mwakani." Alikuwa amezoea kusema mwakani. Kliniki walikuwa wamemwambia damu yake ni safi, virusi havionekani, kidonge kimoja kila asubuhi na maisha yanaendelea. Vile vidonge vya zamani vilivyomkausha mashavu vilikuwa vimeachwa. Alikuwa amenenepa. Alisema mwakani kama mtu ambaye miaka anaiweka ghalani.

Mapema mwaka huu redio ya Bashir ilikuwa ikieleza habari za wanasayansi wa ng'ambo wanaotafuta dawa ya uzee. Mtangazaji alifurahi mno. Alisema siku si nyingi mtu ataweza kuishi miaka mia moja na ishirini, labda mia moja na hamsini. Bashir alisema siku ya mtu imeandikwa na Mungu na haisukumwi. Hodan aliuliza ni nani atawapikia wazee wote hao. Dorah alikuwa amesimama pale dukani akingoja chenji ya sukari.

"Mimi nimeshapewa yangu," alisema. "Wampe mwingine."

Nilicheka, lakini nilikuwa na hasira, na hasira hiyo sijaimaliza. Wanasayansi wale wangekuja Sori kwanza watuulize. Sisi tulishaongezewa. Hapa kuna mwanamume aliyemgawia kakake shamba kwa sababu anakufa, na huu ni mwaka wa ishirini analima shamba la kukodi. Kuna mwanamke aliyeungama mambo yake yote kwa mumewe akiwa hoi kitandani, kisha akapona, na ikabidi waendelee kuishi nyumba moja. Dawa ilitupa miaka. Vitu tulivyokuwa tumeshavigawa haikuturudishia.

Mwezi wa sita Mzee Obare alipiga simu. Dorah aliiweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Joyline amejifungua," Obare alisema. "Ni msichana. Amemwita Nyasuguta."

Lazima nieleze hapa. Kwao Wakisii, na kwetu Wajaluo pia, mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kwenda, ili jina lisipotee. Wazee hawapendi jina la mtu aliye hai liguswe namna hiyo. Wanasema ni kama kumwambia mwenyewe apishe, na kwamba mmoja kati ya hao wawili hatakaa vizuri.

Dorah alikaa juu ya gunia la omena. Kwanza alicheka, akajipiga paja. "Mwalimu, umesikia? Ameniita! Hajanisahau." Halafu kicheko kikakatika. Akaniangalia. "Lakini mimi si niko?"

"Njooni," Obare alisema kwenye simu. "Mimi nimechoka kubeba hii kitu peke yangu."

Wiki hiyo Dorah hakuuza chochote cha maana. Alikuwa na jambo moja tu: aende amwambie Joyline kwamba yeye ni mama yake na yu hai, aombe msamaha, na mtoto abadilishiwe jina kabla jambo baya halijampata. Alirudia maneno hayo mbele yangu asubuhi na jioni, akiyapunguza hapa na kuyaongeza pale. Akaniuliza kama nadhani Joyline atamwita mama siku hiyo hiyo au itachukua muda. Nilimwambia sijui. Akaniambia nimekuwa mtu wa mikosi.

Jumapili tulienda. Alibeba unga wa wimbi wa uji wa mzazi, sabuni, na lile blanketi la harusi. Mzee Obare alituonyesha nyumba, ya kupanga, nyuma ya soko la Rongo, kisha akarudi kwake. Simlaumu. Joyline mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Ana mdomo wa Dorah, na ule mwendo.

"Karibuni mama," alisema. "Baba aliniambia kuna wageni. Sammy ametoka, lakini karibuni."

Tulinawa mikono. Akamleta mtoto, amefungwa vizuri, akamweka mapajani mwa Dorah bila kuombwa, kama tunavyofanya kwa kila mama anayekuja kuona mtoto. Akaenda kuleta chai. Dorah aligusa kidole kimoja cha mtoto, halafu kingine, kama anayeangalia kama vimetimia. Joyline aliporudi na birika, Dorah alianza.

"Joyline, mimi nimekuja..."

"Nakujua," Joyline alisema. Alikuwa anamimina chai na hakumwaga. "Wewe ni Mama Joyline wa Sori."

Dorah alipokea kikombe kwa mkono mmoja, mtoto bado mapajani.

"Nilikuja Sori nikiwa form two," Joyline alisema. "Half-term. Nilimdanganya Mama Yunuke naenda kwa rafiki yangu Migori. Nilitaka kuona kaburi. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nataka kuona hilo kaburi, niweke hata maua. Nikauliza mtu sokoni, kaburi la Mama Joyline wa ndizi liko wapi. Akanicheka. Akasema, kaburi gani, si yule pale. Nikaangalia. Ulikuwa unatusi mtu juu ya ndizi. Watu wote walikuwa wanacheka, na wewe unacheka."

"Mtoto wangu."

"Wacha nimalize. Nilikaa kwa duka la yule Msomali mpaka saa tisa. Mama mwenye duka alinipatia maji. Nilikuwa naogopa kukuja. Nikasema, kama aliniacha ana sababu, atakuja mwenyewe aniambie. Nikarudi. Nikakungoja. Nikasema pengine anangoja nimalize mtihani. Nikamaliza. Nikasema graduation atakuja. Nikaangalia watu wote siku hiyo, mpaka watu wakaniuliza natafuta nani. Harusi yangu nilikuona. Ulikuwa kwa geti na huyu mama. Nilitembea polepole nikienda mbele, nikijua utaingia."

"Niliogopa," Dorah alisema.

"Na mimi niliogopa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, wewe ulikuwa mtu mzima."

Hapo nilisema. Nilikuwa nimekuja nikijua nitasema. Nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyekuwa na kadi, kwamba mama yake alikuwa akifa kweli, kwamba hatukujua dawa inakuja, kwamba neno la sawa lilitoka kinywani mwangu. Joyline alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Ni wewe uliandika ile daftari?" aliniuliza.

"Ni mimi."

"Una mwandiko mzuri," alisema.

Dorah alishika neno la mwisho alilokuwa amebeba kutoka Sori. Alisema basi yote ni makosa yake, lakini mtoto apewe jina lingine, kwa sababu mwenye jina yu hai na jambo hilo si zuri.

Joyline aliinama akamchukua mtoto kutoka mapajani kwa Dorah. Hakumnyakua. Alimchukua taratibu, akashika kichwa.

"Sikumpa kwa kutojua," alisema. "Nilipokuwa na mimba nilisema, akija kabla sijazaa, nitampa mtoto jina la Mama Yunuke. Nilingoja miezi tisa. Ile siku ya kumpa jina nilijifungia bedroom nikalia kama mtu wa matanga, Sammy akadhani ni maumivu ya baada ya kuzaa. Nikamaliza kulia. Nikatoka nikamwita Nyasuguta. Mama, mimi nimeshakuzika. Sina machozi ya kurudia mara ya tatu."

Alisema kwa sauti ya chini kwa sababu mtoto alikuwa amelala. Nimesikia watu wakilaaniwa katika maisha yangu, na hakuna laana iliyoniumiza kama ile sauti ya chini. Tulikunywa chai. Ndiyo, tuliinywa yote, kwa sababu tulikuwa wageni na imeshamiminwa. Tulipoinuka Joyline aliingia chumbani akatoka na sanduku la bati, kutu imelila pembeni. Alimkabidhi Dorah.

"Hii ni yako," alisema. "Muende mapema, mvua inakuja."

Siku ile nililala kwa Dorah. Sikutaka awe peke yake, na kusema kweli niliogopa ataacha dawa. Nimewajua watu walioacha. Asubuhi saa moja simu yake ililia, ile kengele ya kidonge ambayo imelia kila siku tangu anunue simu. Aliizima. Alikaa na kidonge mkononi muda mrefu hata nikaanza kutafuta maneno. Halafu akakimeza kwa chai ya juzi na akavuta sanduku.

Alitoa picha. Alitoa mwiko. Alitoa daftari akanipa mimi nilishike. Akainua sanduku akaligeuza, akaligonga chini, akatazama tena ndani.

"Leso haiko," alisema.

"Pengine iliraruka. Ni miaka ishirini na miwili."

"Mwalimu, leso haiko." Aliangalia mara ya tatu. "Amenirudishia kila kitu, leso amebaki nayo."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba panya hula leso, kwamba wahamaji hupoteza vitu. Nilikuwa nimeshasema sawa mara moja katika maisha yake na sikutaka kusema tena neno lolote la uhakika.

Sasa kila Jumapili Dorah huenda Rongo na unga wa wimbi. Hasemi tena mwakani. Anabisha hodi. Joyline huchungulia dirishani na kumwambia, "Asante mama, weka hapo," kwa adabu ile ile, na mlango haufunguliwi. Dorah huweka mfuko kwenye ngazi, husimama kidogo kusikiliza kama mtoto analia, kisha huondoka. Jumapili inayofuata mfuko hauko, na yeye hurudi Sori kunieleza kwamba mfuko hauko. Mtoto ana afya, Mzee Obare anasema. Ameota meno mawili. Kliniki nako muuguzi amempongeza Dorah, akamwambia akiendelea kumeza dawa hivi atafika themanini bila wasiwasi. Dorah ana miaka hamsini na mitatu.

Juzi redio ya Bashir ilirudia wale wanasayansi. Safari hii walikuwa na panya aliyeishi mara mbili ya wenzake. Bashir, ambaye hajui yaliyotupata Rongo wala sitamwambia, alimwita Dorah kutoka ng'ambo ya barabara kwa utani.

"Mama Joyline! Watu wako hao wamekuja tena na miaka mia na hamsini. Bado unawakatalia?"

Dorah alikuwa anapanga ndizi, mbivu mbele, mbichi nyuma. Nilingoja atukane. Aliendelea kupanga mpaka mkungu ukaisha.

"Waulize inapatikana wapi, Bashir," alisema. "Mimi bado sijafunguliwa mlango."